Tawi Lililovuka Mstari

Haya, tegueni hiki kabla moto haujakolea: shamba lipo, udongo hakuna, miti ipo, upepo hauijui, na mkulima akikosea, shamba lenyewe ndilo linaloulizwa, "Unaumwa wapi?"

Skolastika Hyera alikuwa akililima shamba hilo mwaka wa sita sasa. Asubuhi ile ya Juni, baridi ya milima ya Umatengo ikiwa imeganda kwenye madirisha ya Nyumba ya Kupogoa, alikaa mbele ya kioo kipana kuliko mlango, amevaa glavu nyembamba. Kwenye kioo kulikuwa kumetandazwa kichwa cha mzee Longinus Ndimbo, kwa ndani. Mzee mwenyewe alilala kitandani kando yake, yu macho, maana anayepogolewa hatakiwi kusinzia. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuona kitu. Upofu ulimpata miaka minane iliyopita.

"Binti Hyera," akasema mzee, "usinipogoe kama ulivyoupogoa ule mbuni wa kahawa wa marehemu baba yako. Ulibaki kigingi cha kufungia mbuzi."

"Baba, nilikuwa na miaka tisa!"

"Na mbuni ulikuwa na arobaini. Nani alipaswa kumheshimu mwenzake?"

Skolastika akacheka, akanyoosha kidole. Ndani ya kichwa cha mzee sisimizi wakakifuata. Ndivyo walivyoitwa, vyuma vidogo kuliko chembe ya vumbi, waliopenyezwa jana yake kwa sindano ya mkononi. Akionyesha, wanakwenda. Akibana vidole, wanakata.

Mwanzoni mashine ilifanya kazi hii peke yake. Ikakata sawasawa kama mtu anayekata ua wa michongoma, na wagonjwa wakatoka wamepona na wamefanana, kicheko kimoja, hasira moja. Ndipo wakubwa wakaulizana: ni nani hapa duniani anayejua kuutazama mti mmoja mmoja? Wakapanda milimani kwa wapogoaji wa mibuni. Hawakujali kwamba Skolastika aliishia darasa la saba. Walichotaka ni ile mikono.

Maana seli za neva, zikikuzwa, ni miti kabisa. Zina shina, zina mzizi mmoja mrefu wa kupelekea habari, na zina matawi ya kupokelea. Kwenye matawi kuna vitumba, kama mbuni unaokaribia kuchanua, na kila kitumba ni mlango ambao seli nyingine huja kubisha hodi. Mti wenye wageni wengi utauona tu: matawi yametanuka, vitumba vimesongamana. Mti usiobishiwa hodi hunyauka, leo tawi hili, kesho lile.

Kifafa cha mzee kilijificha kwenye kichaka kimoja, juu kidogo ya sikio. Humo miti ilikuwa na vitumba kupita kiasi, ikibishiana hodi yenyewe kwa yenyewe kama wasengenyaji kisimani. Mmoja akishtuka, wote wanashtuka, na mzee anaanguka. Mwaka ule alikuwa ameshaanguka mara kumi na nne. Mara ya mwisho alikata pumzi, mpaka mkewe akafunga khanga kiunoni na kuanza kilio cha msiba.

Mkewe, Eufrasia, alikuwa kwenye benchi nje ya mlango. Tangu asubuhi alikuwa akiwasimulia wanawake wengine habari za jogoo wake aliyemfukuza padre.

"Msikie huyo," mzee akasema, uso wake umelainika. "Juzi jogoo alimfukuza katekista. Leo amefika kwa padre. Kufika Jumapili atakuwa amemfukuza askofu."

Skolastika alikata taratibu, kitumba hiki, kile akiacha. Kichaka kikaanza kupumua. Saa nne ilipogonga, kazi ilikuwa imekwisha, na hapo ndipo alipoliona tawi.

Lilitoka kwenye mti uliosimama pembeni ya kichaka. Lilikuwa refu mno, limeuacha mstari wake, limevuka kwenda upande wa pili, kwenye eneo la macho, ambako kwa mzee palikuwa pamebaki kama shamba lililolala, miti myembamba, vitumba vya kuhesabu. Njia nzima tawi lile lilikuwa tupu. Mwishoni tu, mbali kabisa, ndipo palipokuwa na kishada kimoja cha vitumba.

Baba yake alimfundisha kwa fimbo: tawi linalovuka mstari ni mwizi. Linanyonya mama yake na kumtilia jirani kivuli. Kata.

Kioo kikauliza: Una hakika?

Akabana vidole.

Nje Eufrasia alikuwa amefika pale jogoo anapopanda altareni, na wanawake wanacheka hadi benchi linalia. Mzee akainua kichwa kidogo.

"Huyo mama anayeongea huko nje ni nani? Ana maneno, jamani."

Skolastika akacheka. Mzee Longinus na utani wake!

*

Siku ya tatu walimpeleka nyumbani, Lihanje. Majirani walikuja na ndizi, na pombe ya kienyeji kwenye ndoo, kwa sababu siku tatu bila kuanguka ilikuwa kubwa kuliko sikukuu. Skolastika naye alikuja. Nyumba ya kwao ilikuwa ng'ambo ya kijito, na ndiye aliyemchongea mzee fimbo yake ya kwanza alipopofuka.

Mzee aliwatambua wote kwa sauti, mmoja mmoja. "Huyo Adelhelm, mafua hayajaisha tu? Na huyo Benedikta, karibu mama." Mbuzi alipolia nyuma ya nyumba, akasema, "Yule mweusi huyo, amefungwa karibu na mfereji, msogezeni."

Kisha Eufrasia akaja na bakuli. "Baba Kuno, uji wako huu, shika kwa mikono miwili, una moto."

Mzee akapokea. "Asante, mama. Wewe ndiye muuguzi waliyenipa?"

Watu wakaangua kicheko. Eufrasia naye akacheka, akampiga kofi dogo begani. "Muuguzi wa miaka arobaini na moja, ndiyo!"

Mzee hakucheka. Akageuza uso huku na huku, kama mtu anayetafuta upepo unatoka wapi. "Mke wangu yuko wapi? Tangu hospitali sijamsikia. Amebaki kule?"

Kicheko kikafa kidogo kidogo, kama mvua inavyokatika.

"Longinus, ni mimi."

"Mama, sijakukosea kitu. Usiniigizie mke wangu." Akampapasa mkono, kiganja hadi kiwiko. "Mkono wa jembe. Milima hii nzima wanawake wana mkono huu. Na khanga hizi ni zake, nazinusa. Mmemvika hata khanga zake! Mmemfanya nini Eufrasia?"

"Mbuzi anamjua," Eufrasia akasema polepole, akiwageukia watu. "Mmesikia? Mbuzi anamjua, mimi hanijui."

Siku ya tano Eufrasia alimshika mumewe mabega, akamtajia kila kitu: siku ya ndoa, mtoto waliyemzika, kovu lake la pajani na nani alilisababisha. Kila neno lilipokuwa sahihi ndivyo mzee alivyozidi kuogopa, maana mgeni anayejua siri zote za nyumba ni wa kutisha kuliko asiyejua. Akaanza kutetemeka. Akaanguka, kwa mara ya kwanza tangu apogolewe, na povu likamtoka.

*

Skolastika alipopata habari hakwenda Lihanje. Alirudi kwenye kioo.

Kioo huweka kumbukumbu ya kila tawi, hata lililokatwa: lilitikisika saa ngapi, likatulia saa ngapi. Akaifungua asubuhi ile ya Juni, akaiweka pamoja na sauti za chumbani. Alipoongea yeye, tawi lilitulia. Alipopita daktari akasalimia, lilitulia. Sauti ya Eufrasia ilipopenya chini ya mlango, na habari zake za jogoo, kile kishada cha mwisho kilitikisika chote kama maua yanapotuliwa na nyuki. Aliposita kuvuta pumzi, kikasita. Alipoendelea, kikaendelea. Kisha vidole vya Skolastika, na baada ya hapo hakuna kitu.

Akarudia mara nne. Kisha akamwita Daktari Kasian Mbunda, mkuu wa nyumba ile, mtu mwembamba aliyezoea kuongea huku anafuta miwani.

"Alipopofuka," daktari akasema baada ya kutazama, "eneo la macho lilibaki bila wageni. Ardhi haikai bure. Masikio yakavuka kwenda kulima huko. Na nani alikuwa akiongea naye asubuhi, mchana, jioni, miaka minane? Hodi ya mtu mmoja, Skola. Ndiyo iliyolivuta tawi hadi kule."

"Mimi nilidhani umbo la mti ndilo linaloamua wageni."

"Nusu ni hivyo. Mti mpana hupokea wengi. Nusu ya pili ni kinyume: mgeni anayekuja kila siku ndiye anayelifanya tawi liwe na umbo lile. Ukiuona mti umeinama upande mmoja, usiuseme umepinda. Uliza ni nani anayeulisha kutoka huko."

Skolastika akavua glavu. Kwenye mbuni lilikuwa kosa la kawaida, hata si kosa. Lakini mbuni hula jua, na jua ni la wote. Huu ulikuwa ukila sauti ya mtu mmoja.

"Nilijua ni kipofu," akasema. "Nilimchongea fimbo kwa mikono hii."

"Hata mimi nilijua. Nisingelitambua lile tawi." Daktari akavaa miwani, akaivua tena. "Sikiliza. Kifafa kimetulia, ameanguka mara moja, na ni kwa kuogopa. Tukiandika kwamba mpogoaji alikosea, nyumba itafungwa uchunguzi upite. Mwaka, miwili. Kuna watoto thelathini na mmoja wanaosubiri kitanda kile. Wengine hawana miaka miwili."

"Kwa hiyo yule mama aambiwe nini?"

"Kwamba ugonjwa ulikwisha kumharibu. Hutokea."

"Na tawi, haliwezi kuota?"

Daktari akaifuta miwani upya kabla ya kujibu.

"Linaweza. Tumwondolee kile kiraka cha dawa tulichombandika shingoni, kinachoituliza miti isichipue. Mkewe amsemeshe kutwa. Tawi hufuata hodi. Lakini bila kiraka kila kitu kinachipua, kichaka nacho. Ataanguka kama zamani, na pengine zaidi. Yule mzee hana pumzi ya kuanguka mara kumi na nne nyingine."

*

Kuna siri unayoweza kulala nayo, na kuna siri inayolala kitandani ukakosa wewe pa kulala. Siku ya pili yake Skolastika alivuka kijito.

Alimkuta Eufrasia shambani, kwenye mteremko, peke yake. Kwa Wamatengo ngoro, kile kilimo cha mashimo mteremkoni, ni kazi ya wawili: mwanamume hufyeka majani na kuyalaza mistari ya kukatana, kama viraka vya shuka, mwanamke huja nyuma yake na jembe, huchimba udongo katikati ya kila kiraka na kuyafukia yale majani. Linabaki shimo la kutega maji, na maharage huota kwenye kingo zake. Longinus, kipofu hivyo hivyo, alikuwa ameendelea kulaza majani kwa kamba na vigingi, akiongozwa na sauti kutoka chini. Kushoto, zaidi kidogo, hapo hapo. Mwaka huu mistari ilikwenda kombo kama nyoka aliyepigwa. Alikuwa amekataa kuongozwa na muuguzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunisaidia au kunihurumia? Kama ni kunihurumia, ingia kwenye foleni, Benedikta yuko mbele yako."

Skolastika akapiga magoti kwenye udongo, akamweleza yote: tawi, kishada, jogoo, kubana vidole. Hakusema "ugonjwa". Akasema "mimi". Kisha akamweleza habari za kiraka cha shingoni, na za nyumba itakayofungwa kosa likiandikwa, na watoto wanaosubiri kitanda.

Eufrasia alisikiliza akiwa ameegemea mpini. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Lilikuwa refu kiasi gani?"

"Refu kuliko yote niliyowahi kuyaona, mama."

"Na lilikuwa langu peke yangu."

"Lako peke yako."

"Miaka arobaini na moja yule mwanamume hajawahi kuniambia neno tamu. Akipenda sana anasema, mboga leo haina mchanga. Kumbe lilikuwepo." Akafuta pua kwa nyuma ya mkono. "Na wewe umeniambia ukiwa umekwisha kulikata."



"Alinichumbia kwa kitendawili," Eufrasia akaendelea, kama anayeongea na jembe. "Mume kalaza maiti, mke kazika, watoto wanacheza juu ya kaburi. Wasichana wote wakapiga kelele, ngoro! ngoro! Nani asiyeijua? Mimi nikamnong'oneza, hapana, ni mimi na wewe mwaka kesho. Akadondosha panga. Tangu siku hiyo hilo ndilo jibu, na hakuna mwingine aliyewahi kuambiwa."

Akachimba jembe moja, mbili, akafukia. Kisha akauliza, "Tawi likiachwa liote, atanijua baada ya muda gani?"

"Daktari anasema mwaka. Pengine miwili."

"Na ataanguka mara ngapi kwanza?"

"Hatujui. Yoyote ile inaweza kuwa ya mwisho. Na yeye mwenyewe hawezi kuulizwa, mama, kwa sababu hatamwamini anayeuliza. Uamuzi umebaki kwako."

"Umebaki kwangu! Ulipokata hukuniuliza, leo umebaki kwangu." Kwa mara ya kwanza alipaza sauti, na juu ya mteremko, nyumbani, mbuzi akaitikia. "Nikisema aote, namwua ili aniite jina. Nikisema akae hivyo, ninajizika nikiwa hai na kumpikia aliyenizika. Ndiyo zawadi uliyoniletea?"

"Nitaandika nilichofanya. Nimeshamwambia daktari."

"Nyumba ifungwe, na watoto wa watu waanguke motoni? Ukiandika utajisikia mwepesi, sivyo?" Akalitupa jembe miguuni pa Skolastika. "Nenda ukawafundishe hao wapogoaji wenzako kwanza. Kila mmoja, kabla hajakata, amsikilize mgonjwa anamsikiliza nani. Ukishamaliza, andika. Na msamaha usiniombe leo. Chimba."

Skolastika akachimba. Walikwenda mstari ule mzima, mmoja akichimba, mwingine akiyanyoosha kwa mkono majani yaliyopotoka.

*

Alasiri walipanda nyumbani. Mzee alikuwa barazani anaota jua, fimbo katikati ya magoti, kiraka cha dawa kinang'aa shingoni. Alikuwa amekonda. Alimtambua Skolastika kwa kikohozi tu.

"Binti Hyera! Kaa. Wewe hujui kusema uongo, hata mbuni ulipoukata ulilia wewe kabla ya kuulizwa. Huyu mama wanayeniletea ni mtu mwema, simkatai. Anapika vizuri. Lakini anadai yeye ni mke wangu. Leo nimepata dawa yake. Mama, upo?"

"Nipo," akasema Eufrasia. Alikuwa amesimama mlangoni, sinia la maharage mkononi.

"Nitakutegea kitendawili. Eufrasia analijua jibu. Ukilitoa nitanyamaza, nitasema macho yamenipotea na masikio nayo. Kitendawili!"

Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka juu ya fimbo. Skolastika aliiona. Eufrasia aliiona kabla yake. Alikuwa ameijua mitetemo ile kabla kioo hakijazaliwa, ule mdogo wa kidole gumba unaotangulia, kisha taya, kisha kuanguka.

"Tega," akasema.

"Mume kalaza maiti, mke kazika, watoto wanacheza juu ya kaburi."

Kuku walikuwa wakiparura uani. Skolastika alimtazama yule mama, akauona mdomo unafunguka na jibu limekaa pale, limeiva, limengoja miaka arobaini na moja. Kidole gumba cha mzee kikaruka mara mbili. Eufrasia akakitazama kidole kile kwa muda mrefu, kama mtu anayepima umbali wa kuvuka mto.

"Ni ngoro," akasema.

Mzee akashusha pumzi. Mabega yakashuka, mikono ikatulia, rangi ikamrudi usoni.

"Umeona, binti Hyera? Kila mtu husema ngoro." Akacheka, cheko la kweli, la kwanza tangu apogolewe. "Pole, mama. Umejitahidi. Umeshindwa, nipe mji."

"Nikupe mji gani, baba?"

"Wowote. Usiwe mkavu tu."

Eufrasia akaliweka sinia chini. "Nakupa Mbamba Bay."

"Ah! Mji mzuri huo." Akalikabili jua na macho yake yasiyoona. "Haya, nimekwenda Mbamba Bay. Nimefika ziwani, nimekula mbasa wa kuchoma, nimelamba na vidole. Nimepita barabara ya juu, watu wananisalimia. Na nimemkuta mke wangu amekaa kivulini, ananisubiri. Akaniuliza, umechelewa wapi? Nikamwambia, kuna mama mmoja mwema alinitunza."

"Akasemaje?"

"Akasema nikusalimie."

Eufrasia akainama, akaokota sinia, akaanza kupepeta maharage. Makapi yakaruka, yakamtua mzee magotini, naye akayapangusa bila kuuliza.

"Na jibu, baba?" Skolastika akauliza. "Aliyepewa mji hutoa jibu."

"La hasha," akasema mzee. "Hilo namwekea mwenyewe."